JE, MWANAMUME AWEZA KUWA MKUNGA?
(Somo la lugha na maisha)



Wahenga walinena: Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Tunaiandika kwenye insha, tunaeleza maana yake ya ndani, kwamba usimdharau mtu ambaye huenda ukamhitaji kesho, kisha tunapata alama zetu na kufunga daftari. Ni wachache kati yetu waliowahi kuuliza swali dogo: huyu mkunga wa kwenye methali ni mwanamke au mwanamume?

Uliza darasani uone. Kwanza utasikia kicheko. "Ni mwanamke, bila shaka! Mwanamume atafuata nini huko?" Lakini ingia katika hospitali nyingi za humu nchini, uulize waliojifungua majuzi, utaambiwa kwamba aliyempokea mtoto alikuwa kijana wa kiume, amevaa glavu na aproni, wala mbingu hazikuanguka. Haya basi, tulichunguze jambo hili kama wanachama wa chama cha Kiswahili wanavyopaswa kulichunguza, yaani tuanze na maneno, kisha twende kwenye kazi yenyewe.

1. MANENO YENYEWE

Nomino mkunga imo katika ngeli ya A-WA. Tunasema: Mkunga amefika. Wakunga wamefika. Kiambishi a- hakituambii kama aliyefika amevaa rinda au suruali. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu, mpishi, daktari na mkulima. Anayetaka kutaja jinsia hana budi kuongeza maneno: mkunga wa kiume, daktari wa kike. (Wala usimchanganye mkunga huyu na mkunga wa baharini, yule samaki mrefu kama nyoka!)

Kwa sauti, neno mkunga latukumbusha neno jingine, kunga, yaani siri au mafunzo ya ndani ya jambo. Mwenye kunga za jambo ni mtu anayelijua undani wake na ambaye pia anajua kunyamaza. Sifa hizo mbili, ujuzi na kutunza siri, ndizo hasa mama anazozitafuta anaposhikwa na uchungu.

Neno muuguzi nalo limetokana na kitenzi. Mtu huugua, mwingine humuuguza, huyo wa pili ndiye muuguzi. Hapa pia hakuna jinsia. Aliyepewa jina amepewa kwa sababu ya tendo lake.

Sasa tutazame vitenzi viwili ambavyo wengi wetu huvichanganya. Mama anazaa, mkunga anamzalisha. Hiyo ni kauli ya kutendesha: mmoja anatenda, mwingine anasaidia tendo litendeke. Halafu tuna kujifungua. Kiambishi -ji- ni kirejeshi, kinamrudishia mtenda tendo lake mwenyewe, kama vile kujiosha au kujifunza. Hatusemi kwamba mama "amefunguliwa" na muuguzi. Amejifungua. Kwa hiyo katika Kiswahili mwenye kazi ni mama mwenyewe, na wengine wote chumbani ni wasaidizi wake. Tafadhali kumbuka jambo hili, maana tutalirudia tukifika kwenye mabishano.

Basi sarufi imetulia. Kinachotusumbua ni mazungumzo ya kila siku. Hapa Kenya wagonjwa wengi humwita muuguzi "sista". Akitokea mwanamume, ulimi unakwama. Hawezi kuitwa sista! Kwa hiyo anaitwa "daktari", na hivyo amepandishwa cheo bila kuongezewa mshahara. Mama anarudi nyumbani akisema alizalishwa na daktari, kumbe alikuwa muuguzi. Ndiyo sababu watu wengi huamini kwamba hawajawahi kumwona mkunga mwanamume, ilhali amewahudumia.

2. LUGHA ZA WENZETU

Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingine hazina. Wafaransa humwita mkunga "sage-femme", na neno "femme" ni mwanamke. Sheria yao ilipowafungulia wanaume mlango wa kazi hiyo mwaka 1982, watu wakaanza kubishana: mwanamume aitweje? Likapendekezwa neno jipya, "maïeuticien", lakini wanaume wengi katika kazi hiyo wameendelea kuitwa kwa jina la zamani. Wajerumani nao walikuwa na "Hebamme" kwa mwanamke. Kuanzia 1985 mwanamume akapewa jina lake refu, "Entbindungspfleger". Mwaka 2020 sheria mpya ikarudisha jina moja, "Hebamme", kwa wote.

Na Kiingereza? Wengi hudhani kwamba "midwife" maana yake ni mke fulani anayezalisha. Sivyo. Hapo kale "mid" ilikuwa na maana ya "pamoja na", na "wife" ilikuwa "mwanamke" tu. Midwife ni yule aliye pamoja na mwanamke, na mwanamke anayetajwa hapo ni yule anayejifungua. Kwa hiyo hata jina hilo halimfukuzi mwanamume.

Sisi hatukuhitaji bunge wala kamati. Mkunga ni mkunga.

3. HISTORIA KWA UFUPI

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, na kwingi duniani, kuzalisha kulikuwa kazi ya wanawake wazee wenye uzoefu. Wanaume walikaa nje wakingoja habari. Hilo hatulikatai.

Huko Uingereza, katika karne ya 18, walizuka wanaume waliofanya ukunga kuwa taaluma. Mmoja alikuwa William Smellie, Mskoti aliyefundisha mjini London na kuchapisha kitabu chake kikuu kuhusu ukunga mwaka 1752. Aliwafundisha wanafunzi wake kwa mfano wa mwili uliotengenezwa, wajizoeze kabla ya kumgusa mama. Lakini alipingwa vikali na mkunga mwanamke, Elizabeth Nihell, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1760. Bi. Nihell alisema kwamba wanaume walikuwa wepesi mno kutumia vyombo vya chuma pale ambapo mikono na subira vingetosha. Tusimcheke. Alikuwa akitetea maisha ya akina mama, na onyo lake kuhusu haraka lina maana hata leo.

Baadaye gurudumu likageuka. Mwaka 1860 Florence Nightingale alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, na shule hiyo ilichukua wanawake peke yao. Uuguzi ukaanza kuonekana kuwa ni kazi ya kike. Uingereza ikafika mahali ambapo sheria haikumruhusu mwanamume kuwa mkunga. Mlango ulianza kufunguliwa mwaka 1975, na vizuizi vya mwisho vikaondolewa mwaka 1983. Cha ajabu ni kwamba miaka hiyo yote daktari mwanamume aliruhusiwa kuingia chumba kile kile na kufanya upasuaji!

Hapa kwetu, Hospitali ya Pumwani jijini Nairobi ilianzishwa mwaka 1926 ikiwa hospitali ya uzazi, na wakazi wengi wa jiji wamezaliwa humo. Siku hizi, anayesomea stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii nchini Kenya husomea ukunga ndani ya kozi hiyo hiyo. Wavulana kwa wasichana, wote hupitia wodi ya uzazi. Mvulana hawezi kusema, "Mimi ukunga naruka." Akiruka, hahitimu.

4. KAZI YENYEWE

Huenda wengine wetu hufikiri kwamba kuzalisha ni kusimama mlangoni na kungoja kilio cha mtoto. La hasha! Hebu tufuate kazi hiyo hatua kwa hatua.

Mama anapofika na uchungu, muuguzi husoma kadi yake ya kliniki, hupima shinikizo la damu, joto na mpigo wa moyo. Hupapasa tumbo kujua mtoto amelala vipi. Husikiliza moyo wa mtoto, ambao kwa kawaida hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Uchungu ukishakolea, moyo huo husikilizwa kila baada ya nusu saa. Mlango wa kizazi hupimwa takriban kila baada ya saa 4, nao hufunguka polepole hadi sentimita 10.

Vipimo hivyo vyote huandikwa kwenye karatasi yenye mistari iitwayo patografu. Karatasi hiyo ina historia ya Kiafrika. Mwaka 1972 daktari Hugh Philpott, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alichora juu yake mistari miwili: wa kwanza wa kutahadharisha, wa pili wa kuchukua hatua. Alikuwa akiwafikiria wakunga wa vituo vidogo vilivyo mbali na hospitali. Mchoro ukivuka mstari wa kwanza, mkunga anajua mapema kwamba mama huyu asafirishwe, asingojewe mpaka mambo yaharibike.

Mtoto akitoka, hukaushwa upesi na kuwekwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Mama hupigwa sindano ya oksitosini ili mji wa mimba ukaze. Kitovu hukatwa baada ya dakika moja hadi tatu. Kondo la nyuma hutolewa na kukaguliwa kama limetoka lote. Muuguzi huangalia damu kwa makini: ikipita mililita 500, hiyo ni hatari, na kutokwa na damu ndiko kunakoongoza kwa kuua wazazi. Mtoto naye anyonye kabla saa ya kwanza haijaisha.

Soma tena aya hizi mbili, kisha uniambie ni hatua ipi kati ya hizo inayohitaji mtu awe mwanamke. Zote zahitaji elimu, macho makini, mikono safi na moyo wa subira.

Na tukitaja mikono, tusikie kisa cha hospitali kuu ya Vienna, nchini Austria. Ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ilikuwa ya kufundishia wanafunzi wa udaktari, wanaume. Nyingine ya kufundishia wakunga, wanawake. Mwaka 1846, katika ile ya wanaume, kati ya kila wazazi 100 walikufa karibu 11. Katika ile ya wanawake walikufa karibu 3. Akina mama walilia wasipelekwe ile ya kwanza. Wapo waliodai kwamba wanafunzi wale waliwapima akina mama kwa mikono mikali.

Daktari Ignaz Semmelweis akachunguza. Akagundua kwamba wanafunzi wale walitoka moja kwa moja katika chumba cha kupasulia maiti na kuja kuwapima wazazi. Mwaka 1847 akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwaka uliofuata, vifo katika wodi hiyo vilishuka hadi karibu 1 kati ya 100. Mikono ilikuwa ya wanaume kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa ilikuwa imenawiwa.

5. MABISHANO

Sasa tusikilize wanaopinga, maana hoja haipigwi rungu.

Hoja ya kwanza: "Uchungu wa mwana aujua mzazi. Mwanamume atajuaje?" Kweli, hatajua kamwe. Lakini wauguzi wengi wa kike pia ni vijana ambao bado hawajazaa, nao hatuwafukuzi. Daktari wa meno si lazima awe ameng'olewa jino. Hata hivyo hoja hii ina funzo: mwanamume katika wodi hiyo asithubutu kumwambia mama, "Hauumi hivyo, wacha kelele." Hana ushahidi! Kazi yake ni kusikiliza na kuamini anachoambiwa.

Hoja ya pili: "Ni aibu. Mila na dini zetu hazikubali." Hoja hii ni nzito, nami sitaki kuipuuza kama wanavyoipuuza wengine kwa kusema eti ni ushamba. Pwani, kaskazini mashariki na kwingineko wapo akina mama ambao hustahi sana kuonwa na mwanamume asiye mume wao. Mama akiogopa aibu hiyo anaweza kuamua kubaki nyumbani, na akibaki nyumbani damu ikamwagika, nani atamwokoa? Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilipoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kila kinachomfanya mama aogope hospitali ni jambo la uhai na kifo.

Kwa hiyo jibu haliwezi kuwa, "Wazoee tu." Muuguzi mwanamume ajitambulishe jina na kazi yake. Aeleze anachotaka kufanya kabla ya kukifanya, na aombe ruhusa. Avute pazia. Anapompima mama, awepo mtu wa tatu, kama vile muuguzi wa kike au jamaa wa mama. Na mama akisema anataka mwanamke, na mwanamke yupo, aitwe mara moja bila manung'uniko. Kumbuka somo letu la sarufi: amejifungua. Mwenye tendo ni yeye.

Lakini fikiria pia zahanati ya mashambani, saa nane usiku, mvua inanyesha, muuguzi wa zamu ni mmoja tu, naye ni mwanamume. Mama amefika na kichwa cha mtoto kinaonekana. Je, tumwambie muuguzi huyo atoke nje? Hapo dharura ndiyo inayosema. Heri tumzoeshe kijana huyo staha mapema kuliko kumkosa siku hiyo.

Hoja ya tatu huwa ya waume. "Mke wangu aguswe na mwanamume?" Ajabu ni kwamba bwana huyo huyo hushukuru daktari mwanamume akimpasua mkewe na kumtoa mtoto salama. Dunia nzima ilimsifu Dkt. Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, Kongo, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu wanawake waliojeruhiwa vitani. Je, mkono wa mwanamume ni mtakatifu ukiwa wa daktari, kisha unakuwa najisi ukiwa wa muuguzi? Hapo nadhani tunachobishania si aibu tena. Ni cheo.

Hoja ya nne inatoka upande wa pili. Baadhi ya akina mama husema, "Mimi nataka nesi mwanamume. Wanawake ni wakali, wanatukana." Wavulana, msishangilie! Huo nao ni ubaguzi, umegeuzwa tu. Ukali hauna jinsia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba mama mmoja aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013 alivunjiwa haki na heshima yake, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Uamuzi huo uwakumbushe wauguzi wote, wa kike na wa kiume, kwamba mzazi si wa kufokewa.

6. SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina vifungu vinne vinavyotuhusu. Kifungu cha 27 kinawapa wanawake na wanaume nafasi sawa, na hapo muuguzi mwanamume ana haki ya kazi yake. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu, cha 31 kinalinda faragha, na cha 43 kinatoa haki ya matibabu, yakiwemo ya uzazi. Hivyo vitatu vinamkinga mama. Wala havipigani. Haki ya kijana kuajiriwa haimpi ruhusa ya kumgusa mama asiyekubali, na haki ya mama kukataa haimfanyi kijana huyo kuwa mkosaji.

7. NENO KWA WENZANGU

Tukifika kidato cha nne tutajaza fomu za kuchagua kozi. Wavulana wengine wataogopa kuandika uuguzi kwa sababu jamaa watawacheka bwenini. Mwenye wito asiogope. Anayeomba stashahada ya uuguzi huangaliwa alama za Biolojia pamoja na za Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo kipindi hiki mnachokisinzia kinaweza kuwafungulia mlango! Na Kiswahili hicho kitawafaa wodini, maana mama aliye katika uchungu hataki maneno magumu ya vitabuni. Anataka aambiwe kwa lugha anayoielewa: "Mama, mtoto yu salama. Pumua. Bado kidogo."

Wasichana nanyi, jueni kwamba siku ile ikifika mna haki ya kuuliza, "Wewe ni nani, na unataka kufanya nini?" Aliyefundishwa vizuri hatakasirika.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto 61 kati ya kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha 82. Akina mama wanakuja. Waliobaki 18 tutawapata kwa ujuzi na staha, wala si kwa kuhesabu nani amevaa suruali. Mkono mmoja haulei mwana. Huenda haumzalishi pia.

MSAMIATI
Kondo la nyuma: kinachomlisha mtoto tumboni, hutoka baada ya mtoto kuzaliwa.
Mji wa mimba: sehemu ya mwili wa mama anamokaa mtoto kabla ya kuzaliwa.
Staha: heshima iliyochanganyika na haya.
Faragha: hali ya kuwa mahali pasipo macho ya watu.
Dharura: jambo la ghafla lisiloweza kungoja.

MASWALI
(a) Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti kati ya kuzaa na kuzalisha.
(b) Eleza kazi ya kiambishi -ji- katika kujifungua. Toa mifano mingine mitatu.
(c) Muuguzi mwanamume angestahili kuitwaje na wagonjwa badala ya "sista"? Pendekeza neno na ulitetee.
(d) Jadili: "Aibu ya mama ni hoja ya kusikilizwa, wala si ujinga wa kuondolewa."
(e) Andika insha itakayomalizika kwa methali: Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mkunga wako awe mwanamume.

Majibu yaletwe kwa katibu wa chama. Insha itakayopendeza zaidi itasomwa mbele ya wanachama wote, na watakaocheka wajiandae kujibu hoja.